Maji Moto ya Shemeki

Kipimajoto changu cha labo kimepotea. Naanza na hilo kwa sababu nikiwaachia wengine wasimulie kisa hiki, watu wa nyumbani watasema kosa ni langu, shemeki atasema kosa ni la maji, na maji hayana mdomo wa kujitetea.

Shemeki ni mume wa dada yangu mdogo. Ndivyo tunavyomwita mtu wa namna hiyo hapa Kolwezi. Ninyi wa pwani mnasema shemeji, lakini ni mtu yuleyule na matatizo yaleyale. Kwa mila, mimi ndiye niliyetoa mke. Mimi ndiye ningeketishwa kwenye kiti chenye mto, nikaletewa kuku na firigisi yake, na shemeki akaongea nami huku akitazama chini. Lakini mila hiyo iliwekwa kabla ya kobalti. Siku hizi shemeki hunipigia simu saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi ya mwezi wa saba, baridi inauma masikio, na kusema: "Shemeki, weye ulifanyaka kazi ya labo, si vile? Kuya mbio."

Ni kweli niliifanya. Miaka ishirini na miwili katika labo ya kiwanda cha shaba, ambacho sikitaji kwa sababu pensheni yangu nayo haikitaji. Tangu nistaafu nimegundua kuwa ukoo wetu unaamini mtu wa labo anajua kila kitu chenye majimaji: dawa ya kikohozi, betri ya gari, pombe iliyochacha, mkojo wa bibi. Sijawahi kulipwa hata faranga moja kwa ujuzi huo. Hulipwa bukari, yaani ugali wenu, na hata bukari yenyewe huja wakati wa kuondoka.

Naishi upande wa Luilu, kwa hiyo nikienda mjini kwa shemeki nayaacha Mashamba nyuma ya mgongo. Mgeni akisikia jina hilo huuliza tunalima nini. Hatulimi kitu. Ni mashimo, la Mashariki na la Magharibi, yaliyokwenda chini kuliko ghorofa yoyote ya mji wetu ilivyokwenda juu, na pampu zikilala usingizi yanajaa maji. Mtu aliyekulia kando ya mashimo hayo anajua jambo moja bila kufundishwa: maji yakikaa na jiwe hayabaki maji tu. Shemeki naye amekulia hapohapo, ila yeye alikuwa akitazama jiwe.

Ni mnunuzi wa mawe. Mwaka 2018, tani moja ya kobalti ilipopita dola 90,000 sokoni London, alijenga nyumba yenye nguzo nne mbele zisizobeba kitu. Halafu bei ikashuka, na Februari 2025 serikali ikasimamisha kobalti kwenda nje ya nchi, kwanza kwa miezi minne, kisha ikaongeza mitatu. Shemeki akabaki na magunia kwenye depo na muda mwingi mno mikononi. Mtu mwenye pesa kidogo na muda mwingi ni hatari kwa ndugu zake. Akakumbuka kwamba zamani za neema alikwenda Dubai, akasimama mbele ya lile tangi la samaki la Dubai Mall lenye lita milioni 10, akaona papa wakipita kama magari. Akaamua kuwa na lake.

Lake ni la lita 300. Liko sebuleni, kati ya televisheni na picha ya harusi. Ningelielewa kama angetia samaki wa ziwa la Nzilo, ndugu zetu wa maji baridi, wasiohitaji viza. Hapana. Anataka wale wadogo wa rangi ya machungwa wenye mikanda myeupe, ambao watoto wote wanawaita Nemo kwa sababu ya ile filamu ya 2003. Hao ni samaki wa bahari. Nchi yetu kubwa ina pwani isiyofika hata kilomita 50, kule Muanda, na kutoka Kolwezi hadi huko ni safari ya kuagana na watu vizuri. Basi bahari imeletwa huku. Imekuja kutoka Johannesburg kwa lori, ikapita Kasumbalesa, ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko: chumvi ya kuchanganya na maji. Shaba yetu inateremka kila siku kwenda Durban, Dar es Salaam na Lobito, na sisi tunarudishiwa bahari ya unga.

Dada yangu alifungua mfuniko, akachovya kidole, akaonja. "Hii na ya jikoni tofauti yake nini?" Swali zuri, na ndilo pekee lililoulizwa katika nyumba ile kwa miezi. Ya jikoni ni kitu kimoja karibu chote, kloridi ya sodiamu, na iodini kidogo ya kuzuia tezi la shingo. Ya bahari ni mkutano wa ukoo mzima: sodiamu ndiye mwenye nyumba, lakini yupo magnesiamu, yupo kalsiamu, yupo potasiamu, ipo salfa, ipo kabonati. Na kama kwenye mkutano wowote wa ukoo, ukiwapandisha joto, wawili kati yao watashikana.

Nilipofika asubuhi ile nilikuta mvuke. Nasema kweli, nilidhani wanachinja nguruwe. Mbabula mbili, majiko ya makala (ninyi mnasema makaa), zikiwaka uani, sufuria za sherehe juu yake, na ndani kijana wa kazi akipokezana bido, madumu ya maji, na mwenzake kutoka bafuni hadi sebuleni. Shemeki amesimama juu ya kigoda, kimiminio mkononi, anaelekeza kama injinia.

"Shemeki, unapika?"

"Nayeyusha! Chumvi inapenda moto."

Hapo ndipo moyo wangu ulipochoka. Hili neno la chumvi kupenda moto limetoka wapi? Nimelifikiri sana na nimeona mkosaji ni chai. Chai ndiyo iliyotuharibia akili. Tangu utoto tunatia sukari kwenye maji moto, inayeyuka mara moja. Kwenye maji ya baridi inakaa chini ya kikombe inatutazama. Na kwa sukari ni haki: gramu 100 za maji ya kawaida zinameza gramu kama 200 za sukari, na yakichemka zinameza zaidi ya 480. Sukari ni mtu wa moto. Hata mrututu, lile jiwe la buluu la shaba, ni wa moto pia. Maji yanayochemka huchukua zaidi ya mara tatu ya yanachochukua kwenye nyuzi 20. Watu wa kiwandani wanalijua hilo kwa machungu: asubuhi za Julai kama ile, mabomba yakipoa, maji ya shaba huganda fuwele za buluu ndani yake, na mtu anatumwa na nyundo.

Lakini chumvi? Chumvi haina habari na moto. Kwenye maji ya barafu gramu 100 huchukua chumvi gramu 35 na ushee. Yakichemka, 39. Umechoma gunia la makala kwa ajili ya gramu tatu na kitu! Na isitoshe, nani aliyetaka 39? Bahari yenyewe ina gramu 35 kwa lita nzima, yaani sehemu ya kumi tu ya kinachoweza kuingia. Ni kama kukodi basi la watu hamsini ili kumpeleka mtu na mwavuli wake. Joto linaharakisha kidogo, hilo silikatai, punje zinamalizika upesi zaidi. Ila fimbo ya kukorogea nayo inaharakisha, na haili makala.

Watu wa chumvi wa kweli waliutumia moto kwa kazi ya kinyume kabisa. Kule Uvinza, Tanzania, kwenye njia ya Kigoma, watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na walichotaka ni maji yaondoke, chumvi ibaki chunguni. Na chumvi ya Mwashya, hapa kwetu Katanga, ilikwenda mbali pamoja na misalaba ya shaba siku za Mwami Msiri wa Bunkeya, hadi alipouawa Desemba 1891. Sijasikia mfanyabiashara yeyote wa enzi zile aliyechemsha maji ili airudishe chumvi ndani. Ilibidi tungoje shemeki.

"Maji haya yametoka wapi?" nikauliza.

"Mengine kisimani, mengine bafuni, kwenye mtungi wa umeme. Bomba mpya, shemeki. Shaba tupu!" Akalipiga bomba kwa kidole ili nisikie mlio.

Nikakaa chini. Maji moto yakipita kwenye bomba la shaba huondoka na shaba zaidi kuliko ya baridi. Binadamu anaweza kuvumilia kidogo. Sisi wa Kolwezi tumevumilia mengi. Lakini kamba, konokono na matumbawe ya bahari hufa kwa shaba kidogo sana, kiasi ambacho hata ulimi hauwezi kukionja. Na shemeki alikuwa ameagiza kamba wawili wenye mistari. Hebu fikiri: mnyama anatoka baharini, anasafiri nusu ya Afrika, anakuja kufa kwa shaba Kolwezi. Hakuna atakayeshangaa.

Nikasema basi, tupime joto kwanza. Na hapo kipimajoto changu hakipo. Nilikiazimisha mwezi wa tano kwa jirani aliyesema mtoto ana homa. Ni kipimajoto kirefu kama kalamu mbili, kinafika nyuzi 110. Sijui ni homa gani ile. Nimesikia baadaye kwamba kilionekana nyumba ya tatu, kwa mama anayeuza mtindi, na kutoka hapo nyayo zake zimepotea. Nikapima kwa kiwiko, kama mama anayeogesha mtoto. Kiwiko kikasema arobaini, au zaidi.

Shemeki hakungoja kiwiko. Aliinua ndoo na kumwaga chumvi yote ya lita 300, kilo kumi na ushee, kwa mkupuo mmoja. Maji yakawa tui. Sitii chumvi, maana ilishatiwa: ukiweka mkono huoni vidole. Akafurahi. "Unaona inavyoyeyuka!"

Haikuwa inayeyuka. Ilikuwa inafanya kinyume. Wale wawili wa mkutanoni, kalsiamu na kabonati, maji yakiwa baridi na chumvi ikiingia kidogo kidogo, hukaa mbalimbali na kuheshimiana. Ukiwapasha joto na kuwasonga pamoja, hewa ya kaboni inakimbia majini, wao wanakumbatiana, na wanageuka chokaa. Ni ukoko uleule mweupe unaouona ndani ya birika la chai. Birika letu lina ukoko kwa sababu ya moto, si kwa sababu ya uchafu wa mke wangu, na nachukua nafasi hii kulisema hadharani. Chokaa hiyo ikishatoka, hairudi kwa kupoza. Kalsiamu uliyoinunua Johannesburg kwa dola sasa ni vumbi kwenye kioo.

Kisha tukapima chumvi. Upo ule mdude wa kioo unaoelea: maji yakiwa mazito unainuka, yakiwa mepesi unazama, unasoma namba shingoni. Maji ya bahari yanayofaa, kwenye nyuzi 25, unasoma karibu 1.026. Ukasoma 1.021.

"Haitoshi," akasema shemeki.

"Inatosha. Maji ni ya moto. Maji moto hutanuka, yanakuwa mepesi, mdude unazama. Umetengenezwa kusoma nyuzi 25. Ngoja yapoe."

"Namba ni namba, shemeki. Hata kwenye mawe, mizani ikisema, imesema."

Jamani, mtu anayenunua mawe kutoka kwa wachimbaji anathubutu kuniambia mizani ikisema imesema! Nikanyamaza kwa ajili ya dada yangu. Akaongeza kilo mbili. Mdude ukapanda hadi 1.026, akapiga makofi, tukaletewa chai ya maziwa, nikaitazama sukari ikiyeyuka ndani yake kwa furaha, nikaichukia.

Usiku umeme ulikatika. Sebule ya nguzo nne ikapoa kama nyumba zetu sisi wengine. Asubuhi ya Jumapili, kabla ya misa, simu. Mdude ulikuwa unasoma 1.034.

Nilikwenda na nguo za kanisani. Maji yalikuwa ya kukatisha pumzi, kama nyuzi 15. Kwenye kioo utando mweupe, kwenye pampu ukoko, kwenye kile kijiti cha kupashia maji ukoko mnene zaidi, kama soksi. Na shemeki ana hasira na mdude, anasema ni wa uongo. Nikamweleza kwamba kweli, hata hiyo 1.034 ilikuwa na chumvi ya maneno: jana maji yalitanuka na kukupunja, leo yamejibana na kukuzidishia. Yangepimwa kwenye nyuzi 25 yangesoma 1.031 na kitu. Yaani gramu 42 kwa lita badala ya 35. Saba za ziada, mara lita 300, ni kilo mbili na kidogo, zilezile ulizoongeza wewe huku ukipiga makofi.

Alitazama dari. "Sasa tunatoa chumvi namna gani?"

Kwa hesabu ni rahisi: toa lita 50, rudisha lita 50 za maji matupu. Lakini chokaa ilikuwa imeshatoka na shaba imeshaingia, hivyo nikatoa hukumu ya labo: mwaga yote. Mnajua lita 300 za bahari zinamwagwa wapi katika mji usio na bahari? Si kwenye bustani, maana dada alisimama mbele ya lengalenga zake na jembe mkononi. Si chini ya mpapai. Vijana walibeba bido kumi na tano hadi kwenye mfereji wa barabarani, na jirani mmoja mzee akatoka kuuliza kama tumeanza kiwanda.

Tulianza upya, safari hii kwa amri yangu. Maji yaliyochujwa kwa mtambo wa utando, kwenye pipa, ya baridi kama yalivyo. Maji kwanza, chumvi baadaye. Kumwagia maji juu ya rundo la chumvi ni kuomba chokaa kwa jina lake. Pampu inazungusha, chumvi inaingia kikombe kimoja, unangoja maji yang'ae, unatia kingine. Shemeki hakuweza kungoja. Kati ya kikombe na kikombe alipokea simu nne, akauza pikipiki. Baridi inachelewesha, ndiyo, nyuzi 20 hadi 25 zingekuwa nzuri zaidi, lakini kuchelewa hakujawahi kuziba pampu. Tena maji ya baridi yanashika oksijeni zaidi, na sisi hapa, juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, hewa yetu ni nyembamba tayari. Samaki wa pwani atahema kama mwanasoka mgeni. Usiku kucha pipa likazunguka. Asubuhi ndipo tukawasha kijiti, tukapandisha polepole hadi 25, na kupima. 1.026. Maji yalikuwa safi mpaka dada akauliza kama tumetia kitu.

Sikulipwa. Nilipewa bukari na makayabu, samaki aliyezikwa ndani ya chumvi nyingi kuliko tangi zima, na shemeki akasema kwa uzito wote: "Kesho, ya pipa la pili, tutatia maji ya uvuguvugu kidogo tu."

Hadi naandika haya tangi limejaa bahari safi na halina samaki hata mmoja. Wageni wanaketi mbele yake na kuuliza wako wapi. Shemeki anajibu kwamba wako njiani, kwa sauti ileile anayotumia kwa wanaomdai.

Lile la uvuguvugu kidogo tu siwezi kulizuia kwa kiwiko. Kwa hiyo aliye na kipimajoto cha kioo, kirefu kama kalamu mbili, mstari mwekundu, mwanzo wake nyuzi kumi chini ya sufuri na mwisho 110, pengine kikinukia mtindi: kirudishe. Dirisha la jikoni langu liko wazi mpaka saa mbili usiku, na hakuna atakayekuuliza mtoto anaendeleaje.